Mtandao Unapogoma: Kusaka Hitilafu kwa Kufuata Dalili, Kuanzia Kwenye Kebo

Anayeripoti hitilafu ya mtandao kwa kawaida hutoa kauli moja tu: "Mtandao haupo." Kauli hiyo haimwelezi fundi lolote, kwa kuwa inaweza kumaanisha kebo iliyochomoka, anwani (namba inayoitambulisha kompyuta mtandaoni) iliyokosewa, ruta (kifaa kinachounganisha mtandao wa ndani na wa nje) iliyoganda, au faiba (kebo ya kioo inayobeba mwanga) iliyokatika kilomita kadhaa kutoka mahali alipo. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kifaa chochote, uliza swali ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko vipimo vingi vya gharama kubwa: ni nani mwingine aliyeathirika?

Maana ya jibu hutegemea topolojia, yaani umbo ambalo vifaa vimeunganishwa kwalo. Mitandao mingi ya leo imejengwa kwa umbo la nyota, ambapo kila kompyuta ina kebo yake inayokwenda moja kwa moja kwenye swichi, kifaa chenye matundu mengi kinachoziunganisha kompyuta. Katika nyota, kompyuta moja ikikosa mtandao huku nyingine zikiendelea na kazi, hitilafu imo ndani ya kompyuta hiyo, kwenye kebo yake, au kwenye tundu la swichi inamoishia kebo hiyo; zote zikikosa kwa wakati mmoja, hakuna sababu ya kuchunguza kebo moja moja, bali nenda kwenye swichi yenyewe, umeme wake, au kiungo kinachotoka nje. Majengo makubwa huwa na nyota kadhaa zilizoshikizwa kwenye swichi kuu, umbo linaloitwa mti, na humo ghorofa zima likikatika huku mengine yakiwa salama, shaka ya kwanza iwe juu ya kiungo kati ya swichi ya ghorofa hilo na swichi kuu. Mitandao ya zamani ya umbo la basi, iliyotumia kebo moja ya koaksia iliyopita kwa kila kompyuta, ilikuwa na tabia tofauti kabisa: kebo ikikatika mahali pamoja, au kizibo cha ohmu 50, kinachomeza mawimbi yanapofika mwisho, kikitoka kwenye mojawapo ya ncha zake, mawimbi yaliakisiwa na kurudi kwenye kebo, na mtandao mzima ukafa. Ndiyo maana umbo hilo liliachwa, na ndiyo maana nyota, ingawa hula kebo nyingi zaidi, humpunguzia fundi kazi ya kusaka.

Kuna sharti moja nitakalolisisitiza kabla ya kuendelea. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, pima, kisha andika ulichokiona. Anayebadilisha kebo, tundu na mipangilio kwa pamoja anaweza kuurudisha mtandao, lakini hatajua kilichoharibika, na hitilafu ileile itamrudia.

Dalili ya kwanza: taa ya tundu la mtandao haiwaki kabisa

Taa ndogo iliyo kando ya tundu la kompyuta na la swichi huonyesha kwamba pande mbili zinasikilizana kwa umeme. Ikiwa imezimika, usifungue mipangilio yoyote ya programu wala usianze kubadilisha anwani, kwa kuwa tatizo liko chini zaidi.

Sababu inayoongoza kwa mbali ni kichwa cha RJ45, yaani kile cha plastiki kwenye ncha ya kebo ya mtandao, ambacho hakijaingia hadi mwisho. Ulimi mdogo wa plastiki unaokishika kichwa hicho huvunjika kwa urahisi, na kebo iliyopoteza ulimi hukaa tunduni siku kadhaa kisha hulegea mtu anaposogeza meza. Chomoa pande zote mbili, rudisha hadi usikie mlio wa kubana, kisha tazama taa. Isipowaka, hamisha kebo hiyo kwenye tundu jingine la swichi ambalo una hakika linafanya kazi. Ikiwaka huko, tundu la kwanza ndilo lenye kasoro, au limezimwa na msimamizi wa mtandao kwa makusudi. Isipowaka, chukua kebo fupi uliyokwisha kuijaribu kwingine na uiweke badala ya ile ya kwanza. Hatua hizi tatu hazihitaji kifaa chochote, na katika uzoefu wangu hutatua sehemu kubwa ya dalili hii.

Kebo ikithibitika kuwa ndiyo mbovu, kipimio ambacho mafundi hukiita testa kitaonyesha ni uzi upi kati ya nane ambao haufiki upande wa pili. Mara nyingi uzi umekatika ndani ya kichwa, si katikati ya kebo, hivyo kata kichwa cha zamani na ukaze kipya. Mpangilio unaotumika sana ni T568B, ambao rangi zake kuanzia pini (mguso wa chuma kichwani) ya 1 ni: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Zingatia kwamba kijani na mwenzake mweupe wametenganishwa, mmoja ukiwa pini ya 3 na mwingine pini ya 6, huku jozi ya buluu, yaani nyuzi zake mbili zilizosokotwa pamoja, ikikaa katikati yao. Wanaoanza kujifunza hupanga jozi kwa kufuatana kwa sababu inapendeza macho, kisha hushangaa kwa nini mtandao unasumbua. Nitaeleza sababu yake katika dalili inayofuata.

Sababu nadra zaidi ni urefu. Kebo ya shaba yenye jozi zilizosokotwa imewekewa kikomo cha mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, ambazo kwa kawaida hugawanywa mita 90 za kebo iliyolazwa ukutani na mita 10 za kebo fupi za ncha zote mbili. Ukivuka hapo, taa inaweza kuwaka na kuzimika bila utaratibu. Tiba yake ni kuweka swichi katikati ya njia au kubadili kwenda faiba.

Simama hapa ikiwa kebo inapita ndani ya ukuta au darini pamoja na nyaya za umeme, au ikiwa tundu la swichi lina alama ya kuungua baada ya radi. Usivute kebo ambayo huoni inakopita. Kazi hiyo ni ya fundi umeme, na swichi iliyopigwa na radi ikatwe kwenye umeme kabla mtu hajaigusa.

Dalili ya pili: mtandao upo, lakini kasi ni ndogo kupita kiasi

Hapa ndipo watu hupoteza muda mwingi zaidi, kwa kuwa kila kitu kinaonekana kizima. Taa inawaka, kompyuta imepata anwani, tovuti zinafunguka, lakini kuhamisha faili kati ya kompyuta mbili za chumba kimoja huchukua muda usioelezeka.

Anza kwa kutazama kasi ya kiungo kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao. Ikiwa vifaa vyote vinaweza kufikia megabiti 1000 kwa sekunde lakini kiungo kimesimama kwenye 100, karibu kila mara kosa ni la kebo. Kasi ya 100 hutumia jozi mbili tu, zilizo kwenye pini 1, 2, 3 na 6, ilhali kasi ya 1000 huhitaji jozi zote nne. Uzi mmoja wa buluu au wa kahawia ukikatika, vifaa hukosa namna ya kufikia kasi ya juu na vingi hushuka kimyakimya bila kumwonya mtumiaji. Kwa hiyo namba 100 kwenye skrini ni sawa na ripoti ya testa: inakuambia kwamba pini 4, 5, 7 au 8 ina kasoro. Kaza upya kichwa, au badilisha kebo.

Sababu inayofuata ni jozi zilizovunjwa, na hii ndiyo hitilafu yenye kudanganya kuliko zote ninazozijua. Kila jozi imesokotwa ili kelele za umeme zinazoingia kwenye uzi mmoja ziingie kwa kiasi kilekile kwenye mwenzake, kisha zifutane upande wa kupokea. Anayepanga nyuzi kwa kufuatana pande zote mbili atapata kebo ambayo testa ya kawaida itaipitisha, kwa kuwa pini 1 inafika kwenye pini 1 na pini 8 kwenye pini 8. Hata hivyo, ishara iliyo kwenye pini 3 na 6 itasafiri kwenye nyuzi za jozi mbili tofauti zisizosokotwa pamoja, na kelele za nyuzi jirani zitaingia bila kizuizi. Kebo fupi ya namna hiyo inaweza kufanya kazi; ndefu hupoteza pakiti (vifurushi vya data) na kulazimisha zitumwe upya. Dawa ni kukata vichwa vyote viwili na kuanza upya. Kwa sababu hiyohiyo, unapokaza kichwa usifumue msokoto kwa zaidi ya milimita 13 hivi.

Aina ya kebo nayo ina neno la kusema. Cat5e inatosha kwa gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Cat6 hufikisha gigabiti 10 kwa umbali wa takriban mita 55. Cat6A hufikisha kasi hiyo kwa mita 100 kamili. Ogopa kebo ambayo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba halisi, hupasha joto inapobeba umeme wa kuendeshea kamera au simu za mtandao, na ni sababu ya kawaida ya kamera kuwaka na kuzimika usiku, taa zake za kuonea gizani zinapoongeza mahitaji ya umeme. Kwangu mimi kebo hiyo haifai kulazwa ukutani hata ikitolewa bure.

Mwisho, katika swichi zinazoruhusu mipangilio, chunguza kama upande mmoja umelazimishwa kutuma na kupokea kwa pamoja ilhali mwingine umeachiwa kujichagulia. Upande wa pili, kwenye kasi za 10 na 100, hukosa wa kupatana naye na hujiweka katika hali ya kupokezana zamu, hivyo wawili hao hugongana kila mzigo unapoongezeka. Dalili yake ni mtandao unaokwenda vizuri asubuhi na kuanguka watu wakiwa wengi. Ziache pande zote mbili zijichagulie.

Dalili ya tatu: mtandao mzima umeganda na taa zote za swichi zinamulika kwa kasi ileile

Ukiona taa za swichi zote zikipepesa kwa pamoja bila kupumzika, hata kwenye matundu ya kompyuta ambazo hakuna anayezitumia, fikiria kitanzi kabla ya jambo jingine lolote. Kitanzi hutokea mtu anapochomeka ncha zote mbili za kebo moja kwenye swichi ileile, au anapounganisha swichi mbili kwa kebo mbili akidhani anaongeza kasi. Niliwahi kukaa nusu siku nikibadilisha ruta na kupigia watoa huduma simu, kumbe aliyefagia chumba aliona ncha ya kebo inaning'inia, akaichomeka kwenye tundu la ukutani lililokuwa wazi. Alikuwa na nia njema kabisa.

Madhara yake hutokana na asili ya Etheneti yenyewe, mfumo wa kupitisha data kwenye kebo hizi. Fremu zake, yaani vifurushi vyake vya data, hazina hesabu ya maisha inayopungua kila zinapovuka kifaa, kama ilivyo kwa pakiti za IP (mfumo wa anwani za intaneti), kwa hiyo fremu ya tangazo, ile inayotumwa kwa vifaa vyote, iliyoingia kwenye kitanzi huzunguka bila kikomo, na katika kila swichi hunakiliwa kwenda kwenye matundu yote. Ndani ya sekunde chache matangazo hujaza viungo vyote. Hali hii huitwa dhoruba ya matangazo, na huangusha hata kompyuta zilizo mbali kabisa na kitanzi.

Ukaguzi wa kwanza ni kuzifuata kebo kwa macho, ukianza na zile fupi zilizoongezwa hivi karibuni. Usipopata, chomoa viungo vinavyoelekea swichi nyingine kimoja kimoja; dhoruba ikitulia baada ya kuchomoa kimoja, kitanzi kiko upande wa kiungo hicho. Tiba ya kudumu ni itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya vifaa) ya mti wa kuenea, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985, ambayo huzifanya swichi zielewane ni viungo vipi vifungwe ili kubaki na njia moja tu kati ya sehemu mbili zozote. Swichi za bei nafuu zisizo na mipangilio mara nyingi hazina itifaki hii, na ndiyo maana kitanzi huanzia chini ya meza kuliko kwenye kabati kuu.

Itifaki hiyo ina dalili yake ya pembeni inayowachanganya wengi. Katika toleo lake la awali, tundu lililowashwa husubiri sekunde 30 kabla ya kupitisha data. Kompyuta inayowaka haraka huomba anwani ndani ya muda huo, hukosa jibu, na mtumiaji husema mtandao "huchelewa kuamka." Msimamizi aweke matundu ya kompyuta, si yale ya swichi kwa swichi, katika hali ya kupita moja kwa moja.

Ikiwa mtandao unahudumia hospitali, malipo au mitambo, usichomoe viungo kwa kubahatisha. Mwite msimamizi mwenye mchoro wa mtandao.

Dalili ya nne: taa inawaka, lakini kompyuta ina anwani inayoanza na 169.254

Anwani hiyo kompyuta imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu kutoka kwa huduma ya DHCP, ambayo kazi yake ni kugawa anwani. Zima na uwashe ruta, kisha toa amri ipconfig /release ikifuatiwa na ipconfig /renew ikiwa unatumia Windows. Ikiwa kompyuta moja tu ndiyo yenye tatizo, rudi kwenye kebo yake. Ikiwa ni zote, huduma ya DHCP imezimika. Ikiwa ni wageni wapya tu, huenda anwani zimekwisha na msimamizi anapaswa kupanua idadi yake au kupunguza muda wa kuzikopesha.

Jirani wa dalili hii ni kompyuta iliyopata anwani ya familia ngeni, kwa mfano 192.168.0 wakati wengine wote wako 192.168.1. Maana yake kuna ruta ya pili inayogawa anwani bila ruhusa, kwa kawaida ruta ya Wi-Fi iliyoletwa na mtu ili kuongeza mawimbi chumbani kwake. Zima ugawaji wa anwani kwenye ruta hiyo, au iondoe.

Dalili ya tano: anwani ni sahihi, lakini tovuti hazifunguki

Panda ngazi kwa amri ya ping, inayotuma ujumbe kwa anwani fulani na kusubiri jibu, hatua baada ya hatua. Ping 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yenyewe, huthibitisha tu kwamba programu za mtandao ndani ya kompyuta ni nzima. Ping anwani ya ruta yako: isipojibu, tatizo ni la ndani. Ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti: ruta ikijibu lakini hii isijibu, tatizo liko kati ya ruta na mtoa huduma, ingawa kumbuka kwamba baadhi ya mitandao huzuia ping kwa makusudi. Ikiwa 8.8.8.8 inajibu lakini jina la tovuti halitambuliki, kosa ni la DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani. Jaribu ipconfig /flushdns, kisha weka seva nyingine ya DNS. Na ikiwa kivinjari kinadai kwamba tovuti nyingi si salama, tazama tarehe ya kompyuta kwanza, kwa maana saa iliyorudi nyuma miaka kadhaa huvifanya vyeti halali vionekane batili.

Dalili ya sita: Wi-Fi inakatikakatika

Hewa ni njia inayoshirikiwa na wote walio karibu, na katika chaneli moja ni kifaa kimoja tu kinachoweza kuzungumza kwa wakati mmoja. Umbali na kuta ndizo sababu za kwanza: sogea karibu na ruta, na hali ikitengemaa umepata jibu. Zege, vyuma, vioo na matangi ya maji hupunguza mawimbi sana. Sababu ya pili ni msongamano wa chaneli. Kwenye gigahezi 2.4 tumia 1, 6 au 11, kwa sababu hizo haziingiliani, na usidhani kwamba 3 au 4 ni ujanja wa kuwakwepa majirani, maana hupokea kelele za pande zote mbili. Jiko la maikrowevu hutoa mawimbi katika masafa hayohayo, hivyo mtandao unaokatika wakati wa kupasha chakula tu una maelezo yake. Gigahezi 5 ina nafasi kubwa zaidi lakini hupenya kuta kwa shida.

Dalili ya saba: taa nyekundu yenye maandishi LOS kwenye kifaa cha faiba

Taa hii husema kwamba mwanga haufiki. Zima kifaa kwa dakika moja, kiwashe, kisha hakikisha kichwa cha faiba kimekaa vizuri na kebo haijakunjwa kwa kona kali, kwa kuwa mwanga huvuja penye kona hiyo hata kama kioo hakijavunjika. Kichwa cha kijani kimesagwa kwa mshazari na kisichomekwe kwenye tundu la buluu. Uchafu ni adui mkubwa: kiini cha faiba ya njia moja kina kipenyo cha takriban mikroni 9 tu, na punje ya vumbi inatosha kukiziba. Usikiguse kwa kidole wala kukipuliza kwa mdomo.

Huo ndio mpaka wa mtumiaji. Usitazame kamwe ndani ya ncha ya faiba iliyo hai wala ndani ya tundu lake, kwa kuwa mwanga wake wa nanomita 1310 au 1550 hauonekani kwa jicho, na jicho linaweza kudhurika bila mwenyewe kujua. Vipande vya kioo vya faiba iliyokatika navyo huingia kwenye ngozi na ni vigumu kuvitoa. Acha kila kitu kilivyo, andika saa taa ilipogeuka nyekundu na kama kuna aliyechimba, aliyepanda darini au aliyesogeza samani siku hiyo, kisha mpe fundi wa mtoa huduma maelezo hayo kabla hajaanza kupima.